Kukausha Maziwa Baada ya Kujifungua: Mwongozo Kamili kwa Mama Asiyenyonyesha

Malalamiko huja kwa sura ileile: "Nimekamua kila yanapojaa, nimejifunga kitambaa kifuani mpaka napumua kwa shida, nimepunguza maji ya kunywa, na wiki ya pili hii matiti bado mawe." Anayesema hivyo si mzembe, amehangaika sana. Shida ni kwamba mambo mawili kati ya hayo yanamzidishia maumivu, na la tatu halimsaidii chochote.

Kanuni inayoongoza mwongozo huu ni moja: maziwa hukauka kwa sababu yamebaki ndani. Kondo la nyuma likishatoka, homoni ya projesteroni hushuka ghafla, prolaktini (homoni inayochochea kutengenezwa kwa maziwa) inapata nafasi, na maziwa yanashuka, mara nyingi kati ya siku ya 2 na ya 4. Mwili haukuulizi kama ulipanga kunyonyesha au la. Kuanzia hapo, titi linaloachwa limejaa hupunguza kutengeneza, na titi linalomwagwa hujaza tena. Kila hatua hapa chini inakusaidia uvumilie siku chache za kujaa bila kulipatia titi sababu ya kuendelea na kazi.

## Kabla hujaanza

Kama unaacha kunyonyesha kwa sababu tu umeambiwa dawa unayotumia haifai, au kwa sababu una ugonjwa fulani, hakikisha kwanza na daktari au mkunga wako. Dawa nyingi hazimzuii mama kunyonyesha, na zipo ambazo hubadilishwa kwa nyingine bila shida. Kama jambo hilo limeshajadiliwa, au umeamua mwenyewe kwa sababu zako, hakuna haja ya kumweleza kila anayekuja kukuona.

Kama umenyonyesha au kukamua kwa wiki kadhaa na sasa unataka kuacha, ruka kwanza uende sehemu ya "Aliyekwisha kuzoea kunyonyesha". Njia yako ni ya polepole zaidi.

## Vitu vya kuandaa

Viandae kabla ya siku ya 3. Usiku maziwa yanaposhuka hutakuwa na hamu ya kutafuta kitu.

- Sidiria mbili au tatu za kitambaa laini, zisizo na waya. Ziwe na nafasi, maana titi la siku ya 3 si titi la mwezi wa 8 wa ujauzito.
- Pedi za matiti, au vitambaa safi vya pamba vilivyokunjwa.
- Mifuko ya jeli au ya barafu, angalau minne, ili miwili iwe inaganda wakati miwili inatumika.
- Taulo mbili nyembamba za kuifungia.
- Parasetamoli, na ibuprofeni kama inakufaa (soma Hatua ya 3).
- Kipimajoto.
- Mto mmoja au miwili ya ziada.
- Namba ya simu ya mkunga au kituo, imeandikwa mahali ambapo hata msaidizi wako ataiona.

Pampu ya kukamulia haimo kwenye orodha, na sikuisahau. Pampu ikiwa karibu inaanza kwa "kidogo tu" na inaishia kwa titi lililomwagwa lote. Kwa kazi ndogo ya kukamua utakayohitaji, mkono unatosha. Kama kifuani pamepasuka au pana jeraha na mkono huwezi kuutumia, hapo sawa, lakini kwa nguvu ya chini kabisa ya mashine na kwa muda mfupi.

## Hatua ya 1: Siku mbili za mwanzo, kabla maziwa hayajashuka

Wengi huziacha siku hizi zipite kwa sababu matiti bado laini. Ndizo siku za kufanya mambo mawili.

Vaa sidiria mapema. Ivae mchana na usiku, ukiivua wakati wa kuoga na kubadilisha tu. Titi lililoshikiliwa haliningʼinii wala kuvuta ngozi, na chuchu haisuguani na nguo. Sidiria sahihi inakumbatia bila kubana: vidole viwili viingie chini ya mkanda wake kwa urahisi, na ukiivua usikute mistari iliyochimba ngozini.

Uliza kuhusu dawa ya kuzuia maziwa, kama unaitaka. Ipo dawa iitwayo kabergolini. Kwa kawaida hutolewa dozi moja ya miligramu 1 siku ya kwanza baada ya kujifungua, na ikitolewa mapema hufanya kazi vizuri zaidi kuliko baada ya matiti kujaa. Ni dawa ya kuandikiwa. Haimfai mwenye shinikizo la juu la damu au aliyepata presha ya ujauzito au kifafa cha mimba, mwenye matatizo ya vali za moyo, wala aliyewahi kuugua akili baada ya kujifungua. Yataje haya yote kwa daktari hata kama hajauliza. Inaweza kukupa kizunguzungu na kichefuchefu, hivyo inuka kitandani taratibu.

*Onyo:* Usikubali kumeza vidonge vya mtu mwingine "vilivyomkausha". Dawa ya zamani zaidi, bromokriptini, ilihusishwa na kiharusi na mshtuko wa moyo kwa baadhi ya wazazi, na Marekani matumizi yake ya kukausha maziwa yaliondolewa katika miaka ya 1990. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo havifai kwa kazi hii: wiki za mwanzo baada ya kujifungua damu huganda kwa urahisi kuliko kawaida, na estrojeni inaongeza hatari hiyo.

Na usiminye chuchu kuangalia kama kuna kitu. Kuna kitu. Kuminya ni kuagiza kingine.

*Umefaulu ikiwa:* siku ya 2 inaisha, umevaa sidiria inayokushika bila kukuumiza, vitu vya baridi vinaganda, na matiti hayajaguswa bila sababu.

## Hatua ya 2: Baridi, kuanzia matiti yanapoanza kuwa mazito

Watu hudhani titi lililojaa limejaa maziwa peke yake. Si hivyo. Maziwa yanaposhuka, damu nyingi hukimbilia kwenye titi na majimaji hujikusanya katikati ya nyama zake. Ndiyo maana mama anakamua, maziwa yanatoka, na bado titi ni gumu na linawaka: uvimbe haukamuliki. Uvimbe unapunguzwa na baridi. Aliyewekewa dripu nyingi wakati wa uchungu au upasuaji huweza kuvimba zaidi, kwa hiyo asishtuke akilinganisha na mwenzake.

1. Funga mfuko wa baridi kwenye taulo nyembamba. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, itaiunguza.
2. Lala chali, kichwa na mabega yakiwa yameinuliwa kwa mito.
3. Weka mfuko juu ya titi na upande wa kwapa. Epuka chuchu yenyewe.
4. Acha dakika 15 hadi 20, kisha ondoa. Saa ikikaribia kwisha unaweza kurudia.
5. Wakati baridi imetoka, pitisha kiganja kwa wepesi kabisa kutoka kwenye titi kuelekea kwapani na kwenye mfupa wa shingo, mara kadhaa. Uzito wa mkono uwe mdogo kiasi cha kusogeza ngozi tu. Hii inasaidia majimaji ya uvimbe yaondoke. Kukanda kwa nguvu "kuvunja mabonge" kunaumiza nyama za ndani na kuongeza uvimbe uleule unaoukimbia.

Majani ya kabichi? Ushahidi wake si mkubwa, lakini akina mama wengi wanasema yanatuliza, na madhara yake ni machache. Yaoshe vizuri, yaweke kwenye friji, ondoa uti mgumu wa katikati, yapange ndani ya sidiria ukiacha chuchu wazi, na ubadilishe yakinyauka. Usiyatumie kama ngozi imechubuka au ikianza kuwasha. Ninachokataa ni kuyategemea peke yake huku mengine yote umeyaacha.

*Onyo:* Usikande kwa maji ya moto. Joto huleta faraja ya dakika kumi kwa sababu maziwa yanatiririka, kisha huita damu zaidi na uvimbe unarudi mkubwa. Likiwa jambo moja tu utakalolikumbuka katika hatua hii, liwe hilo.

*Umefaulu ikiwa:* baada ya kila awamu ya baridi, ngozi haingʼai kwa kuvutika kama mwanzo na unaweza kuinua mikono bila kuguna. Ugumu wenyewe bado upo, na ni sawa uwepo.

## Hatua ya 3: Dawa ya maumivu, kwa saa na si kwa kuvumilia

Siku ngumu kwa kawaida ni ya 3 hadi ya 5. Katika siku hizo meza dawa kwa ratiba, usisubiri maumivu yafike juu ndipo uyakimbize.

Kwa mtu mzima mwenye uzito wa kawaida, parasetamoli ni vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi vidonge 8 kwa saa 24. Angalia dawa nyingine unazomeza, hasa za mafua na maumivu, kwani nyingi zina parasetamoli ndani na unaweza kuzidisha bila kujua.

Ibuprofeni inapunguza maumivu na uvimbe pia, kwa hiyo kwa matiti yaliyojaa huwa inafaa zaidi: miligramu 400 kila baada ya saa 8, baada ya kula. Usizidishe miligramu 1,200 kwa siku bila kuelekezwa. Usiitumie kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo. Ukiwa ulitoka damu nyingi au ulipata presha ya ujauzito, uliza kwanza. Kama ulipewa dawa za maumivu baada ya upasuaji, soma majina yake kabla ya kuongeza kitu juu yake.

*Umefaulu ikiwa:* unapata usingizi wa saa mbili tatu mfululizo.

## Hatua ya 4: Kukamua kidogo, pale tu inapobidi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na huharibika kwa pande mbili. Wapo wanaokamua mpaka tone la mwisho kwa sababu nafuu yake ni tamu. Na wapo walioambiwa "usiguse kabisa", wakakaa na titi gumu kama ubao mpaka likashika homa. Njia iko katikati, na inahitaji kipimo.

Kipimo ninachokipenda hakihitaji kifaa. Gusa midomo yako kwa kidole: laini. Gusa ncha ya pua: imara lakini inabonyea. Gusa paji la uso: gumu, halibonyei. Sasa gusa titi, hasa sehemu iliyo karibu na weusi wa chuchu.

- Likiwa kama ncha ya pua, liache. Hapo ndipo tunapotaka likae. Titi la namna hiyo linajikausha.
- Likiwa kama paji la uso, na baridi pamoja na dawa vimeshindwa kukupa usingizi, kamua kidogo mpaka lifike kwenye pua. Kisha acha.
- Kulifikisha kwenye midomo ni kosa. Umelimwaga, na saa chache zijazo litakuja na nguvu mpya.

Namna ya kukamua:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Kaa, inama mbele kidogo, weka kitambaa chini.
2. Weka kidole gumba juu na vidole viwili chini, sentimita 2 hadi 3 nyuma ya chuchu.
3. Sukuma kwa ndani kuelekea kifuani, kisha kutanisha vidole taratibu, kisha achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi, na chuchu yenyewe isivutwe.
4. Rudia hivyo, sukuma, kutanisha, achia, ukizungusha mkono kidogo kila baada ya muda ili mirija ya pande zote ipungue.
5. Dakika moja au mbili kwa kila titi mara nyingi zinatosha. Pima tena kwa kidole. Likifika kwenye pua, ondoa mkono, hata kama maziwa bado yanatoka vizuri. Hasa kama bado yanatoka vizuri.
6. Rudisha sidiria na weka baridi.

Siku ya kwanza ya kujaa unaweza kuhitaji hivyo mara chache. Kesho yake ongeza muda kati ya mara moja na nyingine, na punguza kiasi. Usiweke ratiba ya saa. Ratiba inaufundisha mwili kutegemea kukamuliwa, ilhali wewe unataka usahau.

Je, hata huku kukamua kidogo hakutachelewesha? Kutachelewesha kidogo, pengine siku moja au mbili. Ukilinganisha na mirija iliyoziba na titi lililoshika uvimbe wa maambukizi, ni biashara nzuri. Mama ambaye hahitaji kukamua kabisa asijilazimishe. Wako wengi wanaomaliza bila kugusa.

*Onyo:* Kujifunga kitambaa kwa kubana ndiko kunakotafutwa na wengi kama mbadala wa haya yote. Kunaongeza maumivu, kunaziba mirija, na hakuharakishi kukauka. Sidiria inayoshikilia inatosha.

*Umefaulu ikiwa:* kila siku unakamua mara pungufu kuliko jana, na titi linakaa kwenye "pua" kwa muda mrefu zaidi bila msaada. Kwa walio wengi, ugumu mkali hulegea ndani ya siku mbili au tatu tangu ulipofika kileleni.

## Hatua ya 5: Mambo ya kila siku yanayoamsha maziwa bila wewe kujua

Kuoga. Oga maji ya uvuguvugu, mgongo ukiwa ndio unaopokea maji. Maji ya moto yanayopiga kifuani ni joto na ni mguso kwa pamoja. Yakitiririka yenyewe ukiwa unaoga, yaache yatiririke, usiyasaidie.

Maji ya kunywa. Kunywa kwa kiu yako. Kupunguza maji hakukaushi maziwa. Kunakupa kichwa kuuma na choo kigumu, na mzazi mwenye mshono hahitaji choo kigumu.

Kulala. Chali au ubavu, mto ukilitegemeza titi la chini. Kulala kifudifudi kunakandamiza mirija.

Mtoto. Mkumbatie, mbebe kifuani, mlishe chupa akiwa mikononi mwako. Maziwa yanaweza kuvuja ukisikia kilio chake au hata ukinusa nywele zake. Huo ni mwitikio wa mwili na utapungua. Hakuna sababu ya kumkwepa mtoto kwa siku kadhaa ili ukauke haraka. Akitafuta chuchu, mpe chupa mapema kabla njaa haijamzidi, na weka kitambaa kinene kati yake na kifua.

Tendo la ndoa, muda wake ukifika. Kuchezewa chuchu kunatoa homoni zilezile zinazoshusha maziwa. Mwenzio aelezwe mapema, kwa lugha nyepesi.

## Hatua ya 6: Kuvuja

Kuvuja si dalili kwamba umeshindwa. Ni titi linajipunguzia lenyewe. Shida yake ni unyevunyevu: chuchu ikikaa kwenye pedi iliyolowa inalainika, inachubuka, na mchubuko ni mlango wa vijidudu.

Badilisha pedi kila inapolowa. Osha chuchu kwa maji tu, bila sabuni kali, na iache ikauke kwa hewa dakika chache kabla ya kuvaa. Pedi zenye plastiki nyuma zinafaa kwa safari fupi, lakini nyumbani pamba ni bora. Ukihisi yanataka kuchuruzika mbele za watu, kunja mikono na ubonyeze chuchu kwa ndani kwa sekunde chache, bila kusugua.

## Hatua ya 7: Ukaguzi wa asubuhi na jioni

Ukaguzi huu ni wa dakika mbili: kioo, mkono na kipimajoto. Kujaa kwa kawaida kunashika matiti yote mawili, kunakuja karibu wakati mmoja, na kunapungua siku kwa siku. Ukiona kingine, usikingojee.

Piga simu au nenda kituoni siku hiyohiyo ukiona:

- Homa ya nyuzi 38 au zaidi. Ni kweli kujaa kwa maziwa huweza kupandisha joto kidogo, lakini siku hizihizi ndizo ambazo maambukizi ya mji wa mimba, mshono au mkojo huanza. Usijiamulie kwamba ni maziwa.
- Titi moja lenye eneo lililoiva, linalowaka na kuuma kuliko sehemu nyingine. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta ngozi iliyokoza rangi au inayongʼaa, na linganisha joto lake kwa mgongo wa mkono.
- Baridi ya mwili, kutetemeka, maungo kuuma kama mwenye malaria au mafua.
- Bonge lenye maumivu linalobonyea kama lina maji ndani. Linaweza kuwa jipu la titi, na jipu huhitaji kunyonywa kwa sindano au kupasuliwa na mtaalamu. Usilitumbue.
- Usaha au damu kwenye chuchu.

Ukipewa antibiotiki, maliza dozi. Na mwambie aliyekuandikia kwamba hunyonyeshi na unakausha, maana ushauri wa kukamua utabadilika kidogo.

### Bonge la kwapani

Hili linawatisha wengi hivyo nalitenga. Siku ya 3 au ya 4 unaweza kukuta uvimbe kwapani, wakati mwingine pande zote mbili. Nyama za titi huenea mpaka kwapani, na kwa wengine kuna kipande kilichojitenga kabisa kisicho na njia ya kutolea maziwa. Nacho hujaa. Weka baridi, usikande, usijaribu kukamua. Hupungua pamoja na matiti, kwa kawaida ndani ya siku chache. Likibaki baada ya matiti kulainika, lionyeshe kliniki.

## Aliyekwisha kuzoea kunyonyesha

Usiache kwa siku moja kama una uchaguzi. Ondoa mara moja ya kunyonyesha au kukamua, kaa siku 3 hadi 5 mpaka titi litulie, kisha ondoa nyingine. Anza na ile ambayo mtoto haijali sana. Ya usiku na ya alfajiri huwa za mwisho. Mama anayenyonyesha mara sita kwa siku atahitaji wiki kadhaa, na hakuna njia ya mkato isiyoumiza.

Kama lazima uache ghafla, kwa mfano kwa sababu ya matibabu, tumia hatua zote za juu, na tegemea kukamua kidogo kwa siku nyingi zaidi kuliko mzazi mpya.

## Aliyempoteza mtoto

Maziwa huweza kushuka hata mimba ilipotoka ikiwa na miezi minne au mitano, na wengi hawaambiwi hivyo wanaporuhusiwa kutoka hospitali. Hatua ni zilezile. Omba kabergolini mapema kama hutaki kuyaona maziwa kabisa. Ni haki yako kuuliza, na mhudumu akisahau, ndugu anaweza kuuliza kwa niaba yako.

Wengine huona kukausha haraka ni nafuu. Wengine hutaka kukamua kwa muda kabla ya kuacha, au kuyatoa maziwa kwa watoto wengine mahali penye benki ya maziwa. Hakuna kati ya hayo lisilo la kawaida. Anayekutunza asikuharakishe, na asikuletee dawa za kienyeji usizoziomba.

## Siku ya 21: jambo lisilosemwa mapema

Kunyonyesha mfululizo huchelewesha yai kupevuka. Wewe hunyonyeshi, kwa hiyo kinga hiyo huna. Yai linaweza kupevuka ndani ya mwezi wa kwanza, kabla hujaona hedhi yoyote, na ndiyo maana ushauri wa uzazi ni kuwa na njia ya kupanga uzazi kuanzia siku ya 21 kama hutaki mimba nyingine sasa. Zungumza na mkunga mapema kuhusu kondomu, kipandikizi, sindano au kitanzi. Njia zenye estrojeni kwa kawaida huanza si kabla ya wiki 3, na huchelewa hadi wiki 6 kwa mwenye hatari zaidi ya damu kuganda.

Siku za 3 hadi 5 pia ndizo za machozi yasiyo na sababu. Yakidumu zaidi ya wiki mbili, au yakija na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hilo ni la kituo cha afya, na mawazo ya aina hiyo yapelekwe siku hiyohiyo.

## Ukibadili mawazo

Hutokea, na kwa kawaida hutokea siku ya 4. Siku za mwanzo kurudi ni rahisi: mpe mtoto titi au kamua mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na maziwa yataitika. Baada ya wiki kadhaa inawezekana pia, ila kwa kazi kubwa na msaada wa mkunga. Aliyemeza kabergolini atapata ugumu zaidi, kwa hiyo usiimeze ukiwa bado unasitasita.

## Wiki ya pili na kuendelea

Kufikia mwisho wa wiki ya pili, walio wengi wana matiti laini yanayovuja mara mojamoja. Kukauka kabisa huchukua wiki kadhaa, na tone moja ukiminya linaweza kuonekana hata miezi baadaye. Dawa ya tone hilo ni kuacha kuminya.

Titi moja huweza kutangulia jingine, na matiti huweza kubaki na ukubwa tofauti kwa muda. Sidiria ya waya irudi tu pale ambapo titi halijai tena hata ukikaa siku nzima.

Bonge lisiloondoka wiki mbili baada ya titi kulainika linahitaji kupimwa. Mara nyingi huwa ni kifuko cha maziwa kilichobaki, lakini hilo husemwa na aliyelipima, kwa hiyo nenda nalo kliniki hata kama haliumi.